Kasha Zuri, Sarafu Je?

Leo tuongee kuhusu kitu ambacho wengi hatujawahi kukifikiria: kasha la plastiki linalowekewa sarafu ya zamani, na lebo iliyo ndani yake. Usicheke. Kasha hilo nusura livunje ndoa ya rafiki yangu wa Chimala.

Wanaopanda basi la Mbeya wanaijua Chimala: mchele wa Usangu unauzwa barabarani, na mlima wa kwenda Matamba una kona 57. Rafiki yangu ni mwalimu pale, mumewe ananunua na kuuza mpunga. Walikuwa wamedunduliza milioni 3 za kuezekea nyumba yao.

Usiku mmoja simu ya shemeji ikalia akiwa bafuni. Mwalimu akaisoma: "Mzigo upo tayari. MS 63. Njoo gesti, chumba namba 4, usimwambie mama."

Jamani, ungekuwa wewe ungefanyaje?

"Baba nanihii," akamuuliza kwa sauti ya chini, ile inayotisha kuliko kelele, "huyu Ms ni nani, na ana miaka 63?"

Shemeji akacheka, kisha akaona macho ya mkewe, akaacha kucheka. Ikabidi amwage mtama. MS hakuwa mwanamke. Ilikuwa gredi ya sarafu ya dhahabu, rupia 15 ya Mjerumani ya mwaka 1916, yenye picha ya tembo. Muuzaji alitaka milioni 3, na shemeji alishatoa laki 3 za kishika uchumba. Kimya kimya.

Kabla hujamcheka shemeji, ujue hadithi ya sarafu hiyo ni ya kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliokuwa huku walikatiwa njia ya kuleta fedha kutoka kwao. Mwaka 1916 wakagonga sarafu zao Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka zaidi ya 16,000 tu, na leo iliyo safi huuzwa kwa maelfu ya dola.

Na kasha nalo lipo kweli. Kuna kampuni za Marekani, kama PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC iliyoanza mwaka 1987, ambazo kazi yao ni kuichunguza sarafu kama ni halali na kuipa alama kuanzia 1 hadi 70. MS maana yake haijawahi kutumika sokoni, na alama zake huanzia 60. Baada ya hapo sarafu hufungiwa kwenye plastiki ngumu inayoonyesha, na viungo vyake huunganishwa kwa mawimbi ya sauti ili ukijaribu kulifungua lazima liache alama. Lebo hukaa humohumo ndani: nchi, mwaka, thamani, gredi, namba ya cheti na ile mistari ya kusomwa na mashine. Kwa hiyo mnunuzi aliye mbali anapata mambo mawili kwa pamoja: kasha linailinda sarafu, lebo inaisemea.

Hapo ndipo matapeli walipopaonea mwanya. Wakajifunza kughushi kasha na lebo, siyo sarafu peke yake. Shemeji mwenyewe aliniambia: "Dada, ile lebo ilivyong'aa, nilijua feki haiwezi kuvaa hivyo."

Mwalimu hakung'aka. Alichukua picha aliyotumiwa mumewe, akaingia intaneti kwenye tovuti ya kampuni iliyoandikwa kwenye lebo, akaingiza namba ya cheti. Namba ikakubali! Rupia 15, 1916, MS 63. Shemeji akaruka juu kwa furaha. Mke akamwambia, "Tulia, baba. Tazama picha." Kwenye tovuti, tembo alikuwa na mkwaruzo mdogo mgongoni. Tembo wa gesti alikuwa laini kama sabuni. Tapeli alichukua namba ya sarafu halali akaibandika kwenye ya kwake.

Asubuhi shemeji alipiga simu kuomba sarafu ikapimwe kwa sonara Mbeya. Simu haikupatikana tena. Laki 3 zikaenda na maji, lakini milioni 2 na laki 7 zikabaki, na nyumba imeezekwa.

Hata hivyo, rafiki yangu aliniambia kilichomuuma si hizo laki 3. Ni lile neno "usimwambie mama". Anayekuuzia kitu na kukutaka umfiche mwenzio, huyo ameshakupa lebo yake mwenyewe. Isome. Angeambiwa siku ya kwanza, ile namba ingekaguliwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo mkiletewa "mali ya Mjerumani", kaeni chini wawili. Kagueni namba ya cheti, mlinganishe na picha alama kwa alama, na msilipe hata senti kabla mtu anayejua hajaishika. Bei ikiwa ya kutupa, jiulizeni kwa nini inatupwa.

Na kama nyumbani kuna sarafu halisi ya babu, usiisugue kwa majivu wala ndimu. Iliyosuguliwa hushuka thamani, na kampuni huandika kwenye lebo kwamba imesafishwa. Usiiweke kwenye plastiki laini inayonuka, huiachia utando wa kijani. Kadi ngumu yenye kidirisha cha plastiki isiyo na PVC inatosha. Andika maelezo kwanza, sarafu iingie baadaye.

Mwalimu anayo moja: senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1952, ile ya tundu katikati na pembe za ndovu pembeni. Sokoni haina bei ya maana. Bibi yake aliivaa shingoni kwa kamba. Baada ya mkasa ule shemeji ndiye aliyeikatia kadi, akaandika kwa mkono wake nchi, mwaka, thamani, halafu chini: "Ya bibi. Haiuzwi. Mimi na mke wangu tunajua ilipo."

Tukutane mwezi ujao. Na wewe unayeficha risiti kwenye buti la gari, nakuona!