Jumamosi tupake verni pamoja



Tarehe 8 ya mwezi wa tatu inakaribia. Vikwembe viko kwa fundi, na kila nyumba ya Bukavu inauliza: je, verni gani itaendana na kikwembe cha mwaka huu? Ukipita Nyawera au ukipanda Kadutu utawasikia vijana wanaobeba kisanduku cha verni, wakigonganisha vichupa ili tuwaite. Mabinti zetu nao wanasikia, nao wanataka.

Ndiyo maana juma hili ukurasa wetu unaongea juu ya makucha. Wengine watacheka. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili lilitupa somo ambalo hatukulipata tulipokuwa tukisomea ualimu.

Kulikuwa na mtoto mmoja darasani kwetu, binti wa mwaka wa tano wa shule ya msingi, ambaye kwa hesabu kidole chake kilikuwa cha kwanza kuinuka. Asubuhi moja ya Jumatatu hakukiinua. Tulifikiri ni malaria. Tulipomwita ubaoni alishika chaki kwa ngumi, vidole vyote vimefichwa ndani. Tukamwambia afungue mkono. Makucha yote kumi yalikuwa mekundu.

Sheria ya shule inakataza verni, na kila mzazi anaisikia mwanzoni mwa mwaka. Basi tukafanya vile walimu wetu wa zamani walivyotufanyia sisi: tulimpa wembe, tukamwambia atoke nje akwaruze. Alirudi na kidole kinatoka damu, amekifunga kwa kipande cha kitambaa. Juma lote lile hakuinua kidole, hata kwa hesabu alizozijua.

Siku ya Ijumaa mama yake alikuja. Hakuja kugombana. Alisema polepole: «Mwalimu, ile verni ni mimi nilimupaka. Tulikuwa na ndoa mu familia, na disolva ilituishia.»

Tulikosa la kujibu. Tulimwomba mama msamaha, na Jumatatu iliyofuata tukamwomba mtoto msamaha mbele ya wenzake, kwa sababu tulimwadhibu mbele ya wenzake. Sheria ya shule ni nzuri na tunaendelea kuishika. Wembe ndio haukuwa mzuri. Na tungejua jambo dogo tunalowaambia hapa chini, hata disolva isingehitajika.

Tangu siku ile, kwetu nyumbani tuna desturi yetu. Jumamosi mchana, vyombo vikishaoshwa, tunakaa uani na mabinti na kupaka verni. Jumapili jioni, kabla ya kupanga mfuko wa shule, tunaiondoa. Mtoto anajifunza kwamba rangi si dhambi, na kwamba kila kitu kina wakati wake.

Tunavyopaka

Kwanza mikono inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri, maana verni haishiki juu ya mafuta. Makucha yanakatwa mafupi na kulainishwa kwa kitupa. Ile ngozi nyembamba ya mwanzo wa ukucha tusiikate. Inazuia uchafu usiingie ndani. Inasukumwa kidogo tu kwa kitambaa chenye maji ya moto kidogo.

Halafu tunapaka verni isiyo na rangi. Wengi wanairuka ili kupunguza gharama, kisha wanashangaa kuona makucha yamegeuka manjano. Rangi nzito, hasa nyekundu, huingia ndani ya ukucha kama hakuna kitu cha kuuzuia.

Sasa ndiyo rangi. Tupake mara mbili nyembamba, tusipake mara moja nzito. Verni hukauka kwa sababu dawa iliyo ndani yake inaruka hewani. Harufu ile kali ndiyo hiyo dawa ikiondoka. Tabaka nzito hukauka juu, lakini chini inabaki mbichi, na binti akigusa blanketi usiku, anaamka na alama za blanketi kwenye makucha. Katikati ya ukucha kwanza, kisha pembeni, na kati ya mara ya kwanza na ya pili tungoje dakika chache.

Mapambo

Hapa watoto wanatushinda. Hatuhitaji kununua vichupa kumi. Nyekundu, nyeupe, manjano na buluu zinatosha, na majirani wanne wanaweza kununua kila mmoja kichupa chake na kukutana. Nyeupe kidogo na nyekundu kidogo, ukichanganya kwenye kifuniko cha chupa, unapata rangi ya waridi.

Kwa vidoto, chovya kijiti cha kuchokolea meno na uguse ukucha taratibu. Vidoto vitano kwa duara na kimoja katikati ni ua. Kwa mstari ulionyooka, bandika kipande cha skochi juu ya rangi iliyokauka kabisa, paka rangi ya pili, kisha bandua mara moja kabla haijakauka. Kwa rangi mbili zinazoingiliana, paka zote mbili kwenye kipande cha eponji na ukigonge-gonge juu ya ukucha.

Mchezo tunaoupenda zaidi ni huu: weka kikwembe chako mezani, chagua alama moja tu, jani au jicho au duara, na uichore kwenye ukucha mmoja wa kila mkono. Vingine vibaki rangi moja. Binti yetu mdogo alitaka bendera ya nchi kwa vidole kumi. Tulimaliza vidole viwili, buluu na ule mstari mwekundu wa kupanda wenye manjano pembeni. Nyota ilitushinda, ikawa kidoto.

Kuondoa

Pamba yenye disolva ikae juu ya ukucha, hesabu mpaka kumi na tano, kisha futa kuelekea ncha ya kidole. Osha kwa sabuni, paka mafuta.

Na kama disolva imekwisha? Hili ndilo jambo dogo tulilowaahidi. Chukua verni yoyote, paka juu ya ile ya zamani, na uifute palepale kwa pamba ingali mbichi. Dawa iliyo ndani ya verni mpya inalainisha ile ya zamani, na zote zinatoka pamoja. Rudia mara mbili au tatu. Haitakuwa safi kama kwa disolva, lakini mtoto ataingia darasani bila aibu na bila damu. Wembe unakwaruza ukucha wenyewe, na ukucha wa mkono unakua karibu milimita 3 tu kwa mwezi. Ukiharibika mpaka chini, karibu miezi 6 itapita kabla ya kuwa mpya wote.

Mambo ya kuangalia

Verni na disolva hushika moto haraka sana, hata kwa ule mvuke wake tu. Tusipake karibu na mbabula, wala usiku kwa mshumaa umeme ukikatika. Tukae uani au dirishani, vichupa vifungwe, na watoto wadogo wasivifikie. Mtoto anayenyonya vidole bado hajafika wakati wa verni.

Yule kijana wa kisanduku anatafuta mkate wake, tusimdharau. Lakini wembe na kimakasi chake kimoja vinapita kwa watu wengi, na damu kidogo tu inaweza kubeba homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Tumwite, tumlipe, ila vyombo vya kukatia viwe vyetu.

Mwenye kukanda unga au kuogesha mtoto mchanga aangalie makucha yake: verni inayobanduka huangukia chakulani, na ukucha mrefu unaficha uchafu na kukwaruza mtoto. Na mama anayekwenda kujifungua au kufanyiwa operesheni aondoe verni mapema. Wauguzi wanatazama rangi ya makucha kujua kama damu inatosha, na kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima hewa mwilini kinaweza kudanganywa na rangi nzito.

Dada zetu Waislamu wanajua kwamba verni inazuia maji kufika kwenye ukucha wakati wa kutawadha. Ndiyo maana wengi wao, kama wamama wa Kasongo huko Maniema, wanapenda hina, ambayo inaingia ndani ya ukucha bila kuufunika. Wakumbuke tu kwamba hina haiondoki Jumapili jioni. Inangoja ukucha ukue.

Neno la mwisho

Kuna faida moja ambayo hatukuitafuta. Mtoto mwenye verni mbichi hana pa kukimbilia. Hawezi kushika simu, hawezi kutumwa dukani. Amekupa mkono wake, na macho yenu wote wawili yako chini kwenye vidole, kwa hiyo hakuna anayemkazia mwenzake macho. Wakati huo mtoto anaongea.

Jumamosi moja, tukiwa kwenye kidole cha nne, binti yetu mkubwa alisema kwamba kuna kijana anayemsubiri kila jioni kwenye bomba la maji na kumwahidi simu. Alisema kama mtu anayeongea juu ya mvua. Moyo wetu uliruka, lakini hatukupiga kelele. Tulimaliza kile kidole, tukapaka cha tano, tukauliza taratibu: tangu lini? Anakuambia nini tena? Akatueleza yote. Kesho yake jioni alikwenda kuchota maji pamoja na baba yake, na keshokutwa pia, mpaka yule kijana akapotea njiani.

Tungekuwa tunamkataza rangi na kumchunguza makucha kwa hasira, hangetuambia. Angefunga ngumi, kama yule wa darasani.

Wamama, Jumamosi hii kabla ya sikukuu kaeni uani na mabinti zenu, na wavulana wakitaka kuchora vidoto, waacheni wachore. Kwenye mkutano wetu ujao kila mmoja alete mikono yake tuone. Na Jumapili jioni, msisahau pamba.

Amani iwe majumbani mwenu. Tutaonana juma lijalo.