Hisa za leza zataka hadhari

Kuna hoja moja inayopendwa mno na washauri wa fedha siku hizi. Husema kwamba hakuna ajuaye ni kampuni gani itakayofaulu kuunda kompyuta ya kwanta yenye manufaa, lakini zote zahitaji leza, lenzi na vioo. Kwa hivyo mwenye akiba asinunue hisa za waundaji, bali za wale wanaowauzia vifaa. Je, dhahabu ilipogunduliwa California mwaka wa 1848, si Samuel Brannan aliyetajirika kwa kuuza sepetu na sururu, ilhali wachimbaji wengi walirudi mikono mitupu?

Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kampuni ya IonQ ya Marekani hunasa ioni moja moja ndani ya chombo kisicho na hewa, kisha huzipoza na kuziamrisha kwa miali ya leza. Pasqal ya Ufaransa, ambayo miongoni mwa waasisi wake ni Alain Aspect, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2022, hushika atomu kwa miali iyo hiyo. Hata serikali zautambua uzito wa ufundi huu. Hamamatsu ya Japani ilipotaka kuinunua NKT Photonics, kampuni ya leza ya Denmark, serikali ya nchi hiyo ilikataa mwaka wa 2023, ndipo ikaridhia mwaka uliofuata.

Hata hivyo, msomaji asifumbe macho. Kwanza, si kweli kwamba waundaji wote wazitegemea leza. IBM na Google hutumia saketi zilizopozwa hadi karibu na kikomo cha baridi, na huziamrisha kwa mawimbi ya maikrowevu. Njia hiyo ikishinda, mwuza lenzi hatavuna mengi.

Pili, hisa zenyewe hazipatikani kwa urahisi. Toptica ya Ujerumani na Thorlabs ya Marekani, ambazo vifaa vyao vimejaa katika maabara za fizikia, ni mali ya watu binafsi wala haziuzi hisa sokoni. Zile zilizoko sokoni, kama vile Hamamatsu na Coherent, hupata sehemu kubwa ya mapato yao kutokana na hospitali, viwanda na mitambo ya mawasiliano. Huenda zikawa kampuni nzuri, lakini anayezinunua kwa ajili ya kwanta peke yake amenunua ng'ombe mzima kwa kutamani ulimi.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mwuza sepetu naye huweza kuangamia pamoja na wachimbaji. Mwaka wa 2000, kila mwekezaji alitaka hisa za JDS Uniphase, kampuni ya Amerika Kaskazini iliyouza leza na vifaa vya mikongo ya nuru. Hisa moja ilipita dola 140. Wateja wake walipogundua kwamba wamejenga kupita mahitaji, oda zilikatika ghafla. Kampuni hiyo ilitangaza hasara ya dola bilioni 56 kwa mwaka wa fedha uliokwisha Juni 2001, na katika mwaka wa 2002 hisa yake ilishuka hadi chini ya dola tatu. Waama, teknolojia yenyewe haikuwa ya uongo. Mwaka wa 2009 mikongo ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa, na hadi leo twanufaika nayo. Walioamini mikongo hiyo hawakukosea. Walikosea bei na wakati.

Dalili kama hizo zimekwisha kuonekana katika kwanta. Januari 2025, Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, aliposema kwamba kompyuta hizo huenda zikachukua miaka 15 hadi 30 kabla ya kufaa kazi, hisa za IonQ zilipoteza zaidi ya thuluthi moja ya thamani yake kwa siku moja. Neno la mtu mmoja latosha kuumeza mshahara wa mwalimu wa miaka mingi.

Hatusemi kwamba mwalimu asinunue hisa za ng'ambo. Twasema kwamba fedha za karo na za kiwanja zisiguswe, na kwamba kabla ya kutoa shilingi, mtu aulize kampuni hiyo hupata faida kutoka kwa nani hivi leo, si mwaka wa 2040. Taarifa za hesabu za kila mwaka hujibu swali hilo waziwazi, nazo hupatikana bure.

Nao wanafunzi wetu wakumbuke kwamba sura ya nuru na lenzi, ambayo wengi huikariri usiku wa kuamkia mtihani, ndiyo msingi wa biashara yote hii. Mwenye kuielewa barabara hatadanganywa upesi na mwuza hisa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.