Uchambuzi: Mpaka wa kibanja Kawempe haumo kwenye ramani

Ugomvi wa mpaka mjini Kampala mara nyingi huanza mwishoni mwa wiki, ofisi zikiwa zimefungwa. Mkaaji huamka asubuhi akakuta jirani amechimba msingi wa ukuta, na njia aliyokuwa akipitisha toroli la madumu ya maji imepungua kwa hatua mbili. Kufikia Jumatatu matofali yameshafika magotini. Kila upande unatoa karatasi, na kila karatasi ina muhuri.

Katika divisheni ya Kawempe, kaskazini mwa mji, hali hiyo ina uzito wa pekee. Bwaise, Kazo, Kyebando na Kalerwe ni mitaa iliyojengwa kwa msongamano, mingine kwenye bonde la mfereji wa Nsooba na kinamasi cha Lubigi, ambako kigingi cha mti hakiwezi kutegemewa kustahimili misimu mingi ya mafuriko. Hatua mbili hapo si jambo dogo. Zinaweza kuwa choo cha familia, chumba cha kupangisha au njia pekee ya kutokea barabarani.

Jambo la kwanza linalowajia wengi ni kumwita mpima ardhi. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye hati miliki: mpima aliyesajiliwa huchukua vipimo vilivyohifadhiwa serikalini, akatafuta mawe ya mpaka ardhini na kuonyesha mahali mstari unapopita. Lakini wakaaji wengi wa Kawempe hawana hati hiyo. Wana kibanja, na hapo ndipo ushauri wa kawaida unapokwama.

Chanzo chake ni Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, uliogawa ardhi ya ufalme kwa maili za mraba, ndiyo maana ikaitwa mailo. Machifu na watu binafsi wapatao 1,000 walitengewa maili za mraba 8,000, huku wakulima waliokuwa wakiishi juu yake wakigeuka wapangaji. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1975 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma, kisha Katiba ya mwaka 1995 ikairejesha mailo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 nayo ikamlinda mkaaji halali, pamoja na yule aliyekalia ardhi bila kupingwa na mmiliki kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo. Hivyo kipande kimoja cha ardhi kina wenyewe wawili: mmoja ana hati, mwingine ana kibanja na analipa kodi ndogo ya kila mwaka iitwayo busuulu.

Ramani iliyo serikalini inaonyesha mpaka wa nje wa mwenye hati. Vibanja kumi au ishirini vilivyo ndani yake, kwa kawaida, havionekani. Majirani wawili wenye vibanja ndani ya hati moja wanaweza kuchanga fedha, wakamlipa mpima, naye akawaeleza kwa uaminifu kabisa kwamba wote wawili wamo ndani ya ardhi ya mtu wa tatu. Mpaka wao hajawahi kuupima mtu. Uko katika kumbukumbu za waliokuwapo siku kibanja kilipouzwa, na katika mmea wa oluwaanyi ambao Waganda wameupanda mipakani tangu zamani, kama Wachagga wa Kilimanjaro wanavyopanda masale. Tofauti ni kwamba Kawempe ya leo mmea huo hung'olewa siku ya kwanza ya ujenzi.

Kwa hiyo kesi ya mpaka hushinda au hushindwa, kwa kiasi kikubwa, miaka mingi kabla haijafunguliwa, yaani siku ya kununua. Mkataba unaosema tu kwamba fulani amemuuzia fulani kibanja kilichopo Kazo hauna msaada mkubwa mbele ya hakimu. Wenye msaada ni ule unaotaja urefu wa kila upande, unaowataja majirani wa pande zote nne, na uliotiwa saini na majirani hao baada ya kutembea mpakani pamoja na muuzaji. Kuna pia mwenye hati. Sheria inamtaka anayeuza kibanja apate kwanza idhini yake, na desturi inamtaka mnunuzi apeleke malipo yanayoitwa kanzu, hata kama siku hizi kinachopokelewa ni noti wala si vazi. Asiyejitambulisha hukosa shahidi mwenye nguvu kuliko wote.

Kwa wakaaji wanaozungumza Kiswahili kuna tatizo jingine ambalo halizungumzwi sana. Mikataba ya vibanja huandikwa kwa Kiganda au Kiingereza. Mnunuzi aliyekulia Arua au Bunia, anayesoma Kiswahili bila taabu, hutia saini karatasi aliyosimuliwa na dalali. Wengi hudhani kwamba wakishatia saini hawana la kusema. Sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma inasema vingine. Kwa mujibu wake, asiyejua kusoma ni yeyote asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ambayo waraka husika umeandikwa, hata kama ana shahada ya chuo kikuu katika lugha nyingine. Anayemwandikia mtu huyo waraka lazima aandike jina lake kamili na anwani yake, na kwa kufanya hivyo anathibitisha kuwa aliusoma na kuufafanua. Mahakama zimewahi kukataa nyaraka zisizo na uthibitisho huo. Ulinzi huu una makali pande mbili, kwani mkataba unaoanguka unaweza kuwa ndio ushahidi pekee alionao mnunuzi mwenyewe. Ni salama zaidi kudai tafsiri ya Kiswahili, na jina la mfasiri kwenye karatasi, kabla fedha hazijatoka mkononi.

Ukuta ukishaanza kupanda, wengi hukimbilia kwa mwenyekiti wa LC I. Ni sahihi kuanzia hapo, kwa sababu anawajua watu na anaweza kuwaketisha. Hata hivyo, sheria ya mahakama za mabaraza ya mitaa ya mwaka 2006 inazungumzia ardhi ya kimila, na sehemu kubwa ya Kawempe ni mailo. Uamuzi wa LC juu ya ardhi hiyo unaweza kupingwa, na muhuri wake ni ushahidi, si hati. Polisi nao wanaweza kuzuia fujo, na kung'oa alama ya mpaka kwa nia ya kudanganya ni kosa la jinai, lakini kituo cha polisi hakiamui nani ni mwenye ardhi.

Mwenye kuamua ni mahakama. Hakimu mkuu husikiliza madai ya uvamizi wa ardhi bila kikomo cha thamani, na anaweza kutoa zuio la muda ili ujenzi usimame. Zuio hilo lina thamani kubwa likiombwa msingi ukiwa bado wazi, maana mahakama husita kubomoa nyumba ambayo tayari ina watu ndani.

Hatari kubwa zaidi hutokea pale jirani anapoacha kugombania hatua mbili na kununua hati nzima kutoka kwa mmiliki. Hapo ugomvi wa mpaka hugeuka tishio la kufukuzwa. Sheria inasema kubadilika kwa mmiliki hakufuti haki za mkaaji anayelindwa, na tangu marekebisho ya mwaka 2010 anaweza kuondolewa kwa amri ya mahakama tu, kwa sababu ya kutolipa busuulu. Risiti za busuulu, basi, zihifadhiwe pamoja na mkataba. Mmiliki mpya akikataa kupokea malipo, kukataa huko kuandikwe na kushuhudiwa.

Mwongozo wa Jaji Mkuu wa mwaka 2007 unazitaka mahakama zifike kwenye ardhi inayogombaniwa. Kesi ikifikia hatua hiyo, hakimu husimama kati ya nyumba mbili, pamoja na karani na mkalimani, akiuliza oluwaanyi ulikuwa wapi. Lugha ya mahakama ni Kiingereza, majirani hujibu kwa Kiganda, na mlalamikaji hueleza kwa Kiswahili. Swali linalofuata huwa ni nani mwingine aliyekuwapo siku ya mauziano, na yuko wapi sasa.