Pikipiki za umeme: Nani atafaidi hesabu ya Chemba?

KILA baada ya mavuno ya alizeti na ufuta, fedha nyingi za wakulima wa Wilaya ya Chemba huishia mahali pamoja: kwenye pikipiki. Mkulima wa Mrijo au Goima akishalipa madeni ya mbegu, akaweka akiba ya chakula na ada za watoto, kinachobaki hununua chombo, akampa kijana, na kijana akaleta hesabu kila jioni. Kwa wengi huo ndio mradi pekee wa nje ya shamba wanaoufahamu vizuri.

Sasa imeingia habari ya pikipiki na baiskeli za umeme. Wauzaji wanasema hazili petroli, hazina makelele, hazidai oili. Wanaongeza kuwa huko kwenye miji mikubwa ya dunia watu wamepata utajiri kwa kuzikodisha kwa saa tu, mgeni anachukua, anazunguka mji, anarudisha. Swali ni kama biashara hiyo inaweza kumfaa mtu wa Chemba, na kama inaweza, nani kati ya mwenye chombo na dereva atakayebaki na faida.

Kukodisha chombo si jambo geni kwa Watanzania. Kabla ya pikipiki kujaa, mafundi baiskeli katika miji midogo walikuwa wakikodisha baiskeli kwa saa, na watoto wengi walijifunzia hapo. Hata neno lenyewe bodaboda lilitokana na baiskeli zilizobeba abiria kwenye mpaka wa Kenya na Uganda tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo jipya hapa ni betri. Kukodisha kwenyewe ni kule kule.

Yaliyotokea huko ng'ambo yanafaa kusikilizwa kabla ya kuiga. Kuanzia mwaka 2017 kampuni za Marekani kama Bird na Lime zilianza kumwaga mitaani skuta ndogo za umeme, zile za kusimama juu yake na kushika usukani. Mpita njia huifungua kwa simu, analipia dakika alizotumia, anaiacha popote alipofika. Paris ilikuwa nazo zipatazo 15,000 chini ya kampuni tatu. Zilitupwa ovyo kando ya barabara, nyingine zikaishia mtoni. Aprili 2, 2023 wakazi waliitwa kupiga kura, na ingawa waliojitokeza walikuwa wachache, karibu asilimia 90 yao walizikataa. Ilipofika Septemba ya mwaka huo hazikuwapo tena mitaani. Desemba 2023, Bird yenyewe iliomba kinga ya mahakama kwa kushindwa kulipa madeni.

China nako, kampuni ya baiskeli za kukodi ya Ofo ilikusanya dhamana kutoka kwa mamilioni ya wateja. Mwishoni mwa 2018 watu walipanga foleni kudai warejeshewe fedha zao, na wengi hawakuzipata.

Kampuni hizo hazikukosa wateja. Zilichokosa ni mtu wa kukitunza chombo. Kitu kinachotumiwa na watu ishirini kwa siku bila mmoja wao kuwajibika huchakaa haraka kuliko kinavyorudisha mtaji. Mfugaji wa Kwamtoro anayejua tofauti ya ng'ombe aliye na mchungaji na ng'ombe aliyeachwa azurure hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Afrika Mashariki ilichukua njia nyingine. Mjini Kigali kampuni ya Ampersand, iliyoanza kazi ya kibiashara mwaka 2019, ilimlenga dereva wa pikipiki ya abiria badala ya mtalii. Dereva anamiliki pikipiki, betri inabaki mali ya kampuni. Ikiisha chaji anakwenda kituoni, anaitoa, anawekewa iliyojaa na kuendelea na kazi bila kungoja. Serikali ya Rwanda ikaamua kuwa kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa Kigali ziwe za umeme tu. Kenya nako, mwaka 2023 mdhibiti wa nishati alipitisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, nafuu zaidi usiku.

Kwa upande wa Tanzania, wageni wanaokodi vyombo na kujiendesha wenyewe wapo hasa Zanzibar, ambako skuta na baiskeli hukodishwa kwa watalii katika Mji Mkongwe na fukwe za Nungwi na Paje. Biashara ile inaishi kwa sababu mtalii ana siku kadhaa za kupoteza na barabara ni fupi.

Je, Dodoma? Mji huo ulipandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, watumishi wa Serikali wamehamia, Mji wa Serikali wa Mtumba umejengwa, Chuo Kikuu cha Dodoma kimetanda juu ya vilima, na tangu katikati ya 2024 treni ya umeme inashusha abiria kutoka Dar es Salaam. Wageni hawakosekani. Lakini wengi wao wamekuja kwa kikao, semina au kufuatilia faili wizarani. Wakitaka kuuona mji wataita bodaboda, ambaye anazijua njia zote na nauli yake si kubwa. Mtu wa Chemba mwenye milioni tatu asidanganyike kupeleka skuta za kukodisha wageni Dodoma. Labda baiskeli za umeme kwa wanafunzi wa chuo, kwa kuwa majengo yako mbalimbali, na hilo nalo linataka mtu wa kukaa pale kila siku.

Mahali penye hesabu halisi ni Chemba kwenyewe. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, imepitiwa na barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, ambayo ilizinduliwa mwaka 2018. Ukiwa kwenye lami, pikipiki ya umeme haina tatizo kubwa. Ukiiacha lami kwenda Farkwa au Kwamtoro, kuna mchanga na makorongo, na wakati wa masika Mto Bubu na vijito vyake huamua nani apite. Betri inayotangazwa kwenda kilomita 80 imepimwa mahali tambarare. Ikibeba abiria wawili, au gunia la alizeti juu ya mchanga, haitafika huko.

Tufanye hesabu ya mfano. Pikipiki ya petroli yenye mzigo inakwenda kama kilomita 40 kwa lita. Kwa kilomita 100 kwa siku ni lita mbili na nusu. Lita ikiwa shilingi 3,000 ni shilingi 7,500, na vijijini inakouzwa kwenye chupa za maji huwa zaidi. Wasomaji watakumbuka kuwa Agosti 2022 lita ilivuka shilingi 3,400 hata Dar es Salaam.

Pikipiki ya umeme kwa mwendo huo huo, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, itatumia kama uniti tano. Kwa viwango vya TANESCO vilivyowekwa 2016, uniti ya matumizi ya kawaida ni shilingi 292, na ukijumlisha kodi na tozo inakaribia 360. Jumla ni shilingi 1,800 kwa siku. Tofauti ni shilingi 5,700, na kwa siku 25 za kazi ni zaidi ya shilingi 140,000 kwa mwezi.

Hapa kuna mtego ambao wauzaji hawautaji. Kaya nyingi za vijijini ziko kwenye daraja la chini, ambapo uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi, mradi matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki moja inayokula uniti tano kwa siku 25 inafikisha 125 peke yake. Uniti za ziada hutozwa shilingi 350, na matumizi yakiendelea hivyo nyumba inaweza kuhamishiwa daraja la juu. Anayechajia nyumbani asishangae LUKU ya taa na redio ikipanda pia.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Katika utaratibu uliozoeleka, petroli hununuliwa na dereva. Mwenye chombo anangoja hesabu yake, mara nyingi shilingi 7,000 hadi 10,000. Chombo kikiwa cha umeme, anayeokoa zile 5,700 ni dereva, wakati betri, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko zote na inayokufa mapema, ni mzigo wa mwenye chombo. Tuseme betri ya lithiamu ni shilingi milioni moja na nusu na inavumilia chaji 1,000. Kila siku ya kazi inakula shilingi 1,500 za mwenye mali bila yeye kuona. Akibaki na hesabu ile ile ya zamani atakuwa anakula mtaji, na atagundua siku betri itakapokata pumzi.

Kwa hiyo mkataba lazima ubadilike. Hesabu ikipanda kutoka shilingi 8,000 hadi 9,500, betri imelipiwa, na dereva bado anabaki na shilingi 4,200 juu ya alichokuwa akipata. Na ile mikataba ya kijana kulipa mwaka mmoja au mwaka na nusu kisha chombo kuwa chake, iseme wazi betri itakuwa ya nani na katika hali gani siku ya makabidhiano. Kumpa kijana pikipiki yenye betri iliyochoka ni kumpa fremu na matairi.

Betri za tindikali ni rahisi kununua, lakini ni nzito, na zikitumiwa kila siku hazizidi sana mwaka mmoja. Kwa kazi ya abiria hazifai. Zinaweza kufaa kwenye bajaji ya mizigo inayozunguka hapo hapo mjini kubeba maji na saruji.

Kuchaji kunachukua saa nne hadi sita, hivyo pikipiki italala mahali penye umeme. Hilo lina uzuri wake. Mwenye chombo akichajia kwake, kinarudi kila usiku, naye anajua kimekwenda kilomita ngapi. Lakini umeme ukikatika usiku, kesho hakuna hesabu. Nchi imeongeza uzalishaji tangu Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Nguzo iliyoanguka kwa mvua Chemba haisaidiwi na bwawa la Rufiji.

Vikundi vya vijana navyo vina la kuangalia. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023, ilirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25, na maombi ya pikipiki huwa mengi. Kikundi kinachotaka za umeme kiandike kwenye andiko lake fungu la betri, na kitaje fundi wa kuzitengeneza yuko wapi. Kuziba pancha kila kijiji kinaweza. Kufungua kidhibiti cha mota kilichoingia maji ya korongo ni kazi nyingine, na kama fundi wake yuko Dar es Salaam pekee, marejesho yatasimama wiki nzima.

Anayefikiria kununua msimu huu amwombe muuzaji majaribio kabla ya kulipa: betri ijae, gunia lifungwe nyuma, safari ianzie kwenye lami ya Chemba kuelekea Kwamtoro, saa saba mchana, kwenda na kurudi. Muuzaji akikataa, petroli bado ipo.