Mzimu mwenye mkuu wa mkoa

Hivi mnajua kwamba nchi hii ina mzimu mwenye mkuu wa mkoa? Sitanii (ingawa kwa Mnyamwezi utani ni haki yangu, babu zetu waliuokota njiani kwenye misafara). Jina lake ni Katabi. Wabende wanasema anakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huacha sadaka chini ya mti huo. Mwaka 1974 hifadhi ya taifa ikapewa jina lake. Mwaka 2012 mkoa mzima ukafuata. Sasa ana ofisi, ana bendera, ana mihuri. Nimezunguka maduka ya vitabu ya Dar na Tabora nikitafuta kitabu kimoja tu cha picha kinachomwonyesha mtoto huyu Katabi ni nani. Nimetoka mikono mitupu.

Ndiyo hasira yangu ya wiki hii.

Chanzo chake ni hiki. Nilipeleka mswada kwa mchapishaji mmoja wa Dar, jina nalihifadhi. Ni kitabu cha picha kuhusu mizimu na majini wa njia ya zamani ya misafara, ile ya kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo na Tabora mpaka Ujiji. Mzee akausoma nikiwa nimekaa mbele yake, akacheka mara mbili pale nilipotaka acheke, halafu akaufunga. "Mdogo wangu, unaandika vizuri. Lakini huu ni ushirikina. Niletee sungura na fisi."

Sasa sikilizeni kichekesho. Kwenye kabati nyuma ya kichwa chake kulikuwa na kinyago cha Kimakonde cha shetani, jicho moja, sikio kama ungo, ulimi mpaka kifuani. Mtindo ule aliuanzisha Samaki Likankoa miaka ya 1950, na kila mtalii anayepita Mwenge anaujua. George Lilanga, aliyefariki 2005, alichora mashetani wanaocheka, wanaolewa, wanaogombania chakula, na kazi zake zikaonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Kwa hiyo shetani wetu akinunuliwa na mzungu ni sanaa. Akisomwa na mtoto wa Isevya ni ushirikina. Kama hiyo si kasumba, basi nielezeni kasumba ni nini.

Twende Tabora. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na hadithi moja asiyopenda kuisimulia mchana. Alisema usiku wa kiangazi, upepo ukitulia, kwenye mistari ya miembe mizee unaweza kusikia msafara ukipita. Kwanza njuga, kisha nyayo nyingi, kisha mtu mmoja anayekohoa. Hao ni wapagazi waliofia njiani na hawakuzikwa, wanatafuta mtu wa kuwatua mizigo. Ukiwasikia usikimbie. Unasema "poleni", unakaa kimya mpaka wapite. Nilipokuwa na miaka saba nilisema "poleni" kwa mbuzi wa jirani, kwa treni ya Kigoma, kwa kila kitu kilichopiga kelele gizani.

Sijui kama bibi aliwasikia kweli. Ninachojua ni kwamba hadithi ile imebeba historia kuliko nilichofundishwa shuleni. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, kama kilo 30 hivi, kwa miezi, na akiugua njia haikumsubiri. Shuleni niliambiwa Burton na Speke walifika Kazeh mwaka 1857. Niliambiwa Stanley na Livingstone walikaa Kwihara mwaka 1872, na nyumba yao ni makumbusho. Mwaka 2006 Tanzania ikaiweka njia ile, Kwihara ikiwemo, kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia. Safi sana. Lakini nani aliyebeba sanduku la Livingstone, na usiku alipolala aliogopa nini? Hilo la pili halimo kwenye kibao chochote cha makumbusho. Limo kwenye hadithi za kina bibi, na kina bibi wanakwisha. Wangu tulimzika miaka minne iliyopita.

Sasa najua mnachotaka kuniambia, na si hoja ya kupuuzwa. Kanda ya magharibi ndiko vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoungua na moshi wa kuni miaka hamsini. Ndiko ndugu zetu wenye ualbino walikowindwa, mpaka Januari 2009 serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi. Na visiwani mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipotoka Pemba ikaingia Unguja, mgonjwa wa akili mmoja kutoka bara aliuawa na watu waliomdhania kuwa ndiye. Na wewe unataka kuandika kitabu cha "nani kaona nini, wapi"? Una akili timamu?

Swali hilo nimelala nalo siku nyingi. Jibu langu ni kwamba tumewachanganya viumbe wawili. Mchawi ni jirani yako. Ana jina, ana nyumba, anaweza kupigwa panga. Mzimu si jirani wa mtu. Katabi anakaa kwenye mkwaju wake, Lyangombe wa Waswezi ana ngoma zake, wapagazi wa bibi wanapita na kwenda zao. Hadithi hizo zinampa hofu mahali pa kukaa pasipo mlango wa mtu. Tukizinyamazia, hofu haiondoki. Inabaki bila sura, halafu inakwenda kutafuta sura. Inaipata kwenye filamu za kukodi na magazeti ya udaku, ambako uovu kila siku una uso wa mama mzee mwenye kanga. Mchoro huo mbona haukatazwi?

Sina hakika kwamba kitabu changu kitamwokoa bibi hata mmoja. Nina hakika kwamba ukimya wa wachapishaji haujamwokoa yeyote.

Ndiyo maana mswada wangu una masharti: hakuna jina la mtu aliye hai, hakuna nyumba inayoweza kutambulika, hakuna mganga wala dawa, na hakuna kiumbe mwenye sura ya kikongwe. Nimetupa hadithi mbili nzuri mno kwa sababu ya sharti la mwisho. Moja bado inaniuma.

Kuna Mjapani mmoja anaitwa Shigeru Mizuki, alifariki 2015. Alipokuwa mtoto katika mji mdogo wa Sakaiminato, kikongwe mmoja wa jirani alimsimulia habari za mizuka ya kwao. Akaenda vitani, akapoteza mkono wa kushoto, akarudi akachora ile mizuka kwa mkono uliobaki, vitabu baada ya vitabu. Leo mji ule una barabara yenye sanamu nyingi za shaba za mizuka, na watu wanapanda treni kwenda kuiona. Wajapani hawakuacha kutengeneza magari kwa sababu hiyo. Na sisi tuna mji wenye reli tangu 1912, tuna miembe, tuna kina bibi waliobaki. Tunakosa nini, kama si aibu?

Msiniambie hela. Gazeti la Sani lililea kizazi kizima kwa katuni, na halikuhitaji karatasi inayong'aa. Kurasa 32, nyeusi na nyeupe, bei ya soda mbili, liuzwe stesheni ya Tabora pale wanapouzia asali.

Mchoraji nimempata, kijana wa Ng'ambo anayeandika vibao vya saluni. Nimemweleza Katabi, nimemweleza mkwaju, akauliza swali ambalo mchapishaji wa Dar hakuuliza: "Kaka, anacheka au amenuna?" Sikuwa na jibu. Jumamosi tunapanda treni kwenda Mpanda kuwauliza wazee wa Kibende.