Wakazi wa Bonde la Msimbazi, Tudai Chujio Kabla ya Mto

Ndugu zangu wa Dar es Salaam, Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Kisarawe, na kabla ya kufika Jangwani umekwishapokea majitaka ya viwanda na gereji. Maji hayo ndiyo yanayomwagilia mchicha na matembele tunayokula. Watafiti wamekuta risasi na kromi katika mboga za bonde hili. Tusijidanganye kwa kuchemsha: maji hupungua sufuriani, risasi hubaki. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Kinachouma ni kwamba sehemu ya dawa tunaitupa. Makapi ya miwa, unga wa mbao uliorundikana nje ya karakana za maseremala, majivu ya makaa ya mawe, mabaki ya tanuri za chuma: vyote vimejaribiwa maabara, vikaonekana vinanasa metali nzito. Nyuzi za makapi na mbao huzivuta metali zikagandamana nazo. Mabaki ya tanuri yenye chokaa nyingi hupunguza ukali wa asidi, na metali hugeuka mashapo, zikazama.

Lakini mtu asije akamwaga majivu mtoni! Majivu ya makaa yenyewe huweza kubeba aseniki, kwa hiyo hupimwa kwanza. Kazi hii mahali pake ni ndani ya uzio wa kiwanda, kwenye bwawa la majitaka. Na chujio la vitu hivyo likishashiba metali ni taka hatari. Ukilitupa dampo la kawaida, mvua za masika zitairudisha risasi ile ile.

Basi mkutano ujao wa mtaa tuweke ajenda hii. Mwenyekiti aiandikie NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, aombe vipimo vya maji ya kila kiwanda chenye bomba linaloelekea mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, hatuombi hisani. Wanakemia na wahandisi wa vyuo vyetu, shukeni bondeni mtusaidie kupima. Mafundi gereji, asidi ya betri isiende mtaroni. Na tuache kumwandama mama muuza mchicha, ambaye hulaumiwa wa kwanza kila mara; yeye hana bomba. Wenye mabomba tunawafahamu, na milango yao iko barabarani. Twendeni tukagonge, kwa barua na kwa wingi wetu.