Ugeni wa Chakula si Uharamu

Mwezi wa Agosti, shule zinapofungwa, watu wa pwani wenye nafasi hufunga safari za bara. Wako waendao arusini, wako waendao kwa biashara, na wako, kama mimi mwaka uliopita, waendao kumzuru rafiki. Basi katika gari lolote litokalo Mombasa usiku, tazama chini ya viti: utakuta vikapu. Chapati, samaki wa kukaanga, achari ya ndimu na chupa ya chai. Utadhani kupita Mazeras hakuna tena kitu kiliwacho na binadamu.

Nami nilikuwa na kikapu changu. Leo nataka kukusimulieni habari za kikapu hicho, ingawa hazinipi sifa.

Rafiki yangu ni Mmeru wa Timau. Alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, hata alipostaafu akarudi kwao. Timau ni mji mdogo kwenye barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru, chini ya Mlima Kenya upande wa kaskazini, nao uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi huo wa Agosti, wakati watu wa Ulaya wanaota jua la kiangazi chao, mtu wa Mombasa aliyeko Timau hutetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Mashamba ya ngano na shayiri yameenea hata macho yakachoka, na baina yake kuna viazi, vitunguu, kabichi na minji.

Jioni ya kwanza mke wa rafiki yangu alituandalia mukimo. Kwa asiyeujua, mukimo ni viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya maboga, hata chakula chote kikageuka rangi ya kijani. Kando yake palikuwa na bakuli la maharagwe yaliyoungwa kwa kitunguu na nyanya. Nyama haikuwapo, wala mafuta ya mnyama. Rafiki yangu, aijuaye dini yangu, alikuwa amekwisha kumweleza mkewe mapema. Hata hivyo, nilipoiona rangi ile nafsi yangu ilikataa. Nikasema, "Mama, niwie radhi, tumbo langu limechafuka njiani."

Yule mama hakunung'unika. Alirudi jikoni akanikorogea uji wa wimbi, mwepesi, uji wa mgonjwa, akauleta mwenyewe kwa mikono miwili. Nikapiga mafunda mawili matatu, nikaaga kwenda kulala. Chumbani nikafungua kikapu changu. Nilikuwa na kipande cha nguru kinywani, mara hodi, akaingia mjukuu wao na beseni la maji ya moto ya kunawa miguu. Mtoto alinitazama mimi, akamtazama samaki, akaweka beseni chini, akatoka.

Asubuhi yule mama akaniuliza kwa upole, "Mzee, kwani chakula chetu ni haramu kwenu?"

Wasomaji wangu, mimi nimekaa chuoni tangu sijang'oa meno ya utoto, na msahafu nimeuhitimu. Lakini swali lile lilinishinda. Niliitafuta haramu katika mukimo nisiione. Viazi ni halali, mahindi ni halali, na majani ya maboga hata sisi twayapika kwa nazi. Haramu pekee iliyolala katika nyumba ile usiku ule ilikuwa ni uwongo wangu.

Rafiki yangu alicheka, ila neno alilolisema halikuwa la mzaha. Alinikumbusha siku ya kwanza alipokula nyumbani kwangu, nilipomwekea wali na mchuzi wa papa. Kwao, alikokulia yeye, samaki hakuwa chakula cha watu. "Siku ile," akasema, "nilifumba macho nikala, kwa kuwa ni wewe uliyenipa." Miaka yote ile sikujua. Nilidhani mimi ndiye niliyemkirimu, kumbe yeye ndiye aliyenistahi.

Mchana ule nikala mukimo. Nilikula sahani ya kwanza kwa haya na ya pili kwa njaa. Kesho yake tukaletewa mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, nikacheka peke yangu, maana hiyo ni pure yetu, imepungua nazi tu.

Hapana shaka watakuwako watakaosema kwamba Mwislamu lazima ajihadhari na anachokila. Ni kweli, wala sibishi. Nyama ina sharti zake, mafuta yana maswali yake, na asiyeuliza amejipuuza mwenyewe. Lakini kujihadhari ni jambo moja, na kuchukizwa na kitu kwa kuwa hukukizoea ni jambo jingine. Walimu wetu walitufundisha ya kwamba asili ya vyakula ni halali mpaka ije dalili ya kukataza. Tena tumesoma kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipowekewa nyama ya dhabb, yule mjusi mkubwa wa jangwani. Alirudisha mkono. Khalid bin Walid akamwuliza kama ni haramu. Mtume akamjibu kuwa sivyo, ila hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akamvuta akamla, na Mtume akimtazama.

Tazameni adabu iliyomo katika kisa hicho. Mtume hakumtukana mnyama, hakumtia ila aliyempika, wala hakusingizia maradhi. Alisema ukweli, na kutozoea kwake hakukugeuza kuwa sheria juu ya mwenziwe. Ndilo nililolikosa mimi usiku ule, nami ninaandika safu magazetini!

Na hicho tukiitacho chakula cha pwani, nacho kina safari ndefu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kuwa watu wa kisiwani hawakuwa na kilimo cha nafaka. Nafaka waliletewa kutoka pwani ya bara, na chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Muhogo tunaoula kwa nazi, mahindi ya sima yetu, pilipili ya achari yetu, vyote asili yake ni Amerika, vikavuka bahari baada ya Wareno kufungua njia zile. Mbatata nayo ni ya huko huko. Leo nani atathubutu kupika biriani ya Mombasa bila mbatata? Na mbatata hizo hazioti Kisauni wala Likoni. Hutoka katika nyanda za baridi kama zile za Timau, zikateremshwa kwa malori hadi masokoni kwetu. Basi mtu wa Mombasa alaye viazi karai jioni hula jasho la mkulima wa bara, kisha akiandaliwa viazi vile vile mezani kwa mkulima huyo, husema tumbo limechafuka.

Liko jambo jingine linalonitia haya zaidi. Wengi wetu twaijua Meru kwa miraa tu. Miraa ya Igembe hufika Mombasa na Lamu kila siku, nasi hatuioni kuwa ni ngeni. Kitu ambacho maulamaa wetu wengi wamekikemea tumekipokea kwa mikono miwili, na viazi na maharagwe, ambavyo hapana aliyevikemea, twavikimbia.

Kwa hivyo shauri langu kwa wasafiri ni hili. Kabla ya kwenda, mwambie mwenyeji wako wazi usichokila, na sababu yake. Watu wa bara wana masikio, na wengi watakupikia kwa uangalifu kushinda unavyodhani. Ukiwa Nanyuki au Isiolo, Waislamu wako na misikiti iko; uliza nyama ya halali utaonyeshwa. Penye shaka, kataa kwa ukweli na kwa shukrani. Pasipo shaka, nawa mikono, sema Bismillahi, ule. Na kikapu, kama hunabudi nacho, kifungue sebuleni mbele ya wenyeji, ule nao. Mimi ndivyo nilivyofanya siku ya tatu. Nguru aliyebaki, aliyehifadhiwa na baridi ya Timau, aliliwa na nyumba nzima. Yule mjukuu alikuwa wa kwanza kunyosha mkono.

Nafunga kwa ubeti mmoja niliouandika njiani wakati wa kurudi, kikapu kikiwa kimejaa viazi na minji alivyonipa yule mama:

Kwa mwenyeji ukipewa, chakula chake nyumbani,
Uliza, ukiambiwa, hakina haramu ndani,
Ladha yake itakuwa, ngeni kwako mdomoni,
Cha kigeni huzowewa, cha haramu abadani.